Mbishi Achagua Printa

Mtaani walimwita Mbishi, na jina lenyewe lilimkaa. Alipokuwa mdogo alibishana na mwalimu kuhusu jibu la hesabu, na jibu lake ndilo lililokuwa sahihi. Sasa ni mtu mzima. Anaendesha studio ya picha pamoja na kaka yake, katika chumba cha mbele walichoachiwa na baba yao.

Asubuhi kaka hufagia na kupanga taa. Mbishi hufuta kioo cha dirisha. Kisha wateja huanza kuingia: watoto wasiotulia, wachumba wanaooneana haya, wazee wanaokaa wima kama wanaapishwa. Picha ndogo walizichapa wenyewe. Picha kubwa za kutundika ukutani walizipeleka kwa mchapa mabango, upande wa pili wa mji.

Siku moja aliingia mkunga mstaafu, fremu ikiwa kwapani. Alikuwa mjane. Ndani ya fremu ilikuwamo picha ya marehemu mumewe, iliyochapwa mwaka uliopita kwa yule mchapa mabango. Uso ulikuwa umepauka na kugeuka kijani. Macho yalikuwa karibu kutoweka.

"Mume wangu nilimzika mara moja," mkunga alisema. "Sasa ananipotea tena ukutani, nikimtazama."

Mbishi aliona aibu, kisha hasira ikampanda. Picha ile aliipiga yeye, na nyuma yake palikuwa na muhuri wa studio yao.

"Pole sana, mama. Niachie hiyo fremu," alisema. "Nitamchapa upya. Na safari hii hatoki humu ndani mpaka niwe na uhakika."

Mkunga alipoondoka, kaka alikuna kichwa. "Umeahidi kwa printa gani, dada?"

"Kwa hiyo tutakayonunua. Si ndiyo kazi tuliyowekea akiba?"

Walikwenda dukani pamoja. Muuzaji aliwapeleka moja kwa moja kwenye printa pana inayong'aa. Alibonyeza kitufe, na kabla hawajamaliza kusalimiana, printa ikatoa picha ya kasuku. Manyoya yalikuwa mekundu, ya njano na ya kijani. Kaka alibaki kinywa wazi.

"Hii ndiyo wanayonunua wote," alisema muuzaji. "Kwa kasi, haina mpinzani."

"Basi tumepata," kaka alisema.

"Sisi hatupigi picha kasuku," alisema Mbishi. Alitoa mkobani flashi aliyohifadhia picha zake. "Tuchapie hii."

Ilikuwa picha ya bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ya kung'aa, ndani ya gauni jeupe.

"Usitutie aibu kwenye duka la watu," kaka alimnong'oneza.

"Aibu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Picha ilitoka upesi. Uso wa bibi harusi ulikuwa doa moja jeusi. Pua haikuonekana ilipoishia, wala shavu lilipoanzia. Gauni nalo lilikuwa jeupe tupu, halina hata mkunjo.

Muuzaji alicheka kidogo. "Watu weusi hutoka hivyo, dada. Siku nyingine muongezee mwanga."

Mbishi alimkazia macho. "Huyu nimempiga picha mimi. Niliyaona mashavu yake. Niliona hata jasho kwenye paji la uso. Yote yamo kwenye picha niliyokupa. Mashine yako ndiyo haikuyaona, kwa hiyo usiisingizie ngozi yake."

Akaichukua ile picha, akatoka. Kaka alimfuata akinung'unika kwamba ubishi huu siku moja utaifunga studio.

Jirani yao mmoja alifanya kazi ya kutunza picha za kale katika makumbusho. Mtaani walimwita Makumbusho, ingawa hakuwa na hata mvi moja. Walimkuta mlangoni kwake akijaza upepo baiskeli. Walimsimulia ya dukani, naye akaipokea ile picha, akaisogeza karibu na macho.

"Printa hii inafaa mabango," alisema. "Bango husomwa kutoka mbali. Picha ya mtu hutazamwa kwa karibu, na anayeitazama anampenda. Hizo ni kazi mbili."

"Lakini rangi zake zinawaka," alisema kaka.

"Leo zinawaka. Sikiliza, ndugu yangu. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai. Unapendeza, ila mara nyingi jua huushinda mapema. Na kuna wino wa chembe. Huo rangi yake imesagwa laini sana lakini haikuyeyuka. Hukaa juu ya karatasi kama chokaa inavyokaa ukutani, na hudumu zaidi."

"Mbona muuzaji hakutuambia?"

"Ulimuuliza? Wewe ulipenda kasi, naye akakuuzia kasi."

Mbishi alicheka. Kaka hakucheka.

"Na huu uso uliozama kwenye giza?" Mbishi aliuliza.

"Inaelekea printa hiyo ina rangi nne tu. Tafuta yenye wino wa kijivu pia, na rangi nyingine hafifu. Hizo ndizo zinazojenga kivuli cha pua na mkunjo wa gauni. Karatasi nayo iwe ya picha, inayoendana na wino huo. Ukiipata, waambie wachape picha yako, siyo ya kwao. Ikate vipande viwili. Kimoja kibandike dirishani juani, kingine kifiche kabatini. Baadaye vilinganishe. Halafu pimeni mlango wenu."

"Mlango?" kaka alishangaa.

"Kuna mtu alinunua printa pana, ikalala uani mpaka ukuta ulipobomolewa."

"Nani huyo?"

Makumbusho alirudi kwenye gurudumu lake. "Mimi," alisema.

Kesho yake walirudi dukani. Pembeni palikuwa na printa iliyofunikwa kitambaa. Ilikuwa na wino wa chembe, pamoja na kijivu na rangi hafifu.

"Hiyo ni ya polepole mno," alisema muuzaji. "Itawachosha."

"Tutakaa," alisema Mbishi, akavuta kiti.

Printa ilikwenda mdogo mdogo kweli. Kaka alianza kusinzia. Kisha paji la uso likajitokeza, na macho, na mashavu yenye mwanga wake. Kaka akasimama.

"Huyu anapumua," alisema.

Lakini Mbishi hakulipa. Alibeba picha mpya nyumbani, akaikata vipande viwili pamoja na ile ya kwanza. Nusu mbili zikabandikwa dirishani, nusu mbili zikaingia kabatini. Wapita njia waliwacheka mabibi harusi wale wa nusu nusu. Muuzaji naye hakuchoka kumpigia kaka simu: bei ya ile ya kasuku imeshuka, leo ndiyo mwisho. Kaka aliyumba.

"Tunapitwa, dada. Tununue yaishe."

"Hatununui mpaka jua liseme," alijibu Mbishi.

Jua lilichukua wiki kadhaa, kisha likasema. Nusu ya printa ya haraka ilikuwa imechuja, na ukiiweka karibu na mwenzake wa kabatini ungedhani ni watu wawili. Zile nusu za printa ya polepole zilikuwa bado mtu mmoja. Kaka alizitazama. Alichukua futi, akaenda kupima mlango.

"Inapita," alisema. Kwa kaka, hiyo ndiyo ilikuwa kuomba radhi.

Printa ililetwa. Waliiweka mbali na vumbi. Kila wiki, hata kama hakuna mteja, walichapa kipande kidogo, ili wino usikaukie kwenye matundu ya printa unapotokea.

Picha kubwa ya kwanza ilikuwa ya mume wa mkunga. Mkunga aliitwa, akasimama mbele yake muda mrefu. Kisha akagusa kioo cha fremu kwa kidole.

"Kovu la shavuni," alisema. "Alilipata tukiwa wachumba. Nilikuwa nimelisahau."

Alilia kidogo. Mbishi naye hakujizuia.

"Mama, hata huu wino una mwisho wake. Usimtundike panapopigwa na jua."

"Nimekwisha kuhamisha msumari."

Kaka alileta karatasi ya kufungia. Mkunga alimzuia kwa mkono.

"Usimfunge, mwanangu. Waliokuja kunipa pole walimwona amekuwa kijani. Wacha wamwone alivyo."

Akainua fremu kifuani, uso wa mumewe ukiwaelekea watu, akapita naye katikati ya mtaa.