Vidonge vya Maria

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kijijini Kinole, Paskalia alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uwanja na kuwafungulia mbuzi. Wakati huo dada yake Maria angali ameketi mekoni, amejifunika kaniki hadi masikioni, anaota moto kama kikongwe.

"Wewe Maria!" mama yao, Felista, alikuwa akimwita kutoka migombani. "Wenzako wako shambani na wewe unaota moto? Utakwenda kwa watu na uvivu huo?"

"Naja, mama," Maria alijibu kwa sauti nzito ya kukwaruza. Wala haji.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani kidogo tu, Maria alikuwa akipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku anaimba. Sasa akipanda kidogo anatafuta jiwe la kukalia. Uso wake ulikuwa umevimba, ngozi imekauka na nywele zinakatika. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa kama chungwa. Rovu hilo halikumshangaza mtu, maana wanawake wengi wa milimani walikuwa nalo. Kilichowakera watu ni uvivu. Tena Maria alikwisha kuposwa na Leonard, kijana wa ng'ambo ya mto, na mjomba wao Yohana alikwisha kupokea majembe ya mahari. Arusi ingefanyika mara mvua za masika zitakapokwisha.

Siku hizo Wajerumani ndio waliotawala, na reli ilikuwa imefika Morogoro si muda mrefu. Paskalia alisoma katika shule ya misheni, chini ya mlima. Jumapili moja, wakati wa mahubiri, Maria alilala usingizi mzito kanisani, watoto wakamcheka. Misa ilipokwisha, Sista Bernarda, Mjerumani aliyesimamia nyumba ya dawa ya misheni, aliwaita dada hao wawili pamoja na mama yao.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," walisema.

"Milele, amina. Maria, njoo karibu." Sista alimpapasa shingo, akamshika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo. "Unasikia baridi hata jua likiwa kali?"

"Ndiyo, Sista."

"Choo?"

Maria aliinamisha uso. "Kigumu, Sista."

"Mama Maria," alisema Sista, "binti yako si mvivu. Anaumwa."

Mama Felista alishtuka. Sista aliwaeleza kwamba shingoni mwa kila mtu mna tezi. Tezi hiyo hutengeneza kitu fulani na kukimimina katika damu, na wataalamu wamekipa jina la homoni. Ni kidogo mno, lakini damu hukipeleka mwili mzima, nacho huuamuru moyo upige kwa kasi gani na mwili utoe joto kiasi gani. "Homoni ya Maria imepungua," alisema, "ndiyo maana kila kitu ndani yake kinakwenda polepole. Tezi imevimba kwa sababu inajitahidi na haiwezi."

Kisha alitoa kopo dogo la vidonge. Vilitengenezwa Ulaya kwa tezi za kondoo zilizokaushwa na kusagwa. Kwa kuwa masika yalikaribia na mto ungefurika, alitoa vya kutosha msimu mzima. Kopo alimkabidhi Paskalia.

"Wewe unasoma, utakumbuka. Kimoja kila asubuhi. Si zaidi. Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

Mwanzoni haikuonekana tofauti yoyote. Kisha, asubuhi moja, Paskalia alirudi mtoni akamkuta Maria anatwanga. Baba yao, Petro, alisimama mlangoni akitazama, akatabasamu. Maria alianza kuimba tena, na uso wake ukapungua uvimbe. Lakini rovu lilibaki palepale.

Siku moja mvua ikinyesha, Maria alimvuta mdogo wake pembeni. "Paskalia, nitakwenda arusini na shingo hii? Kama kidonge kimoja kimeniamsha, vitatu si vitaliondoa kabisa?"

"Sista alisema kimoja."

"Sista hakujua arusi iko karibu. Nihurumie, mdogo wangu. Mama asijue."

Paskalia alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote, na alikuwa amechoka kusikia watu wakimcheka. Alifungua kopo, akampa vitatu. Kesho yake akampa vitatu tena, akaendelea hivyo siku hata siku.

Rovu likaanza kunywea, wakafurahi kwa siri. Lakini Maria alianza kubadilika. Mikono ilimtetemeka hata akaangusha chungu cha mboga. Alitoka jasho katika baridi ya mvua. Alikula kuliko baba yake na bado akakonda. Aliharisha, hakupata usingizi, na alilia kwa jambo dogo. Siku moja alimshika Paskalia mkono na kuuweka kifuani pake. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama wa kuku aliyekamatwa.

"Tuache vidonge," alinong'ona Paskalia.

"Bado kidogo tu," alisema Maria.

Mama Felista hakujua kwamba Maria anapewa vidonge vitatu. Alikumbuka tu kwamba mama yake Leonard aliwaletea kibuyu cha asali, na Maria ndiye aliyeila zaidi. "Mwanangu amelogwa," alisema. "Yule mwanamke hataki mkwe mwenye rovu." Neno hilo lilivuka mto upesi kuliko mtu.

Mjomba Yohana alikuja, akakaa kitako na kusema, "Kesho narudisha majembe. Hatuozi binti kwa wachawi."

Kabla hata hajanyanyuka, mama yake Leonard mwenyewe alitokea uwanjani, amelowa chapachapa. Alikuwa amesikia. Alipiga hodi, mama Felista akaenda kusimama mlangoni ili asiingie.

"Dada, mimi nimekukosea nini?" aliuliza yule mama. "Asali ile tumeila hata sisi nyumbani. Kijijini wananikimbia. Hata maji nateka peke yangu."

"Rudi kwako," alisema mama Felista. "Mchawi mkubwa we!"

Paskalia alikuwa mekoni. Alimwona yule mama akijifuta uso kwa upindo wa nguo, na hakujua kama anafuta mvua au machozi. Akisema, baba atamchapa na Maria atamchukia. Asiposema, mtu asiye na kosa ataitwa mchawi maisha yake yote. Na ule moyo wa Maria, utastahimili mpaka lini?

Alichukua kopo akaenda katikati yao.

"Mama, si asali. Ni mimi. Nimekuwa nikimpa vidonge vitatu badala ya kimoja."

Mama Felista alitazama kopo, lilikuwa karibu tupu. Aliinua mkono ampige, lakini Maria aliita kutoka kitandani, "Usimpige, mama! Nilimwomba mimi!"

Baba Petro hakupoteza wakati. "Mambo ya kupiga baadaye," alisema. "Yohana, tutengeneze machela."

Mvua ilipopungua, walimbeba Maria mpaka chini. Leonard na ndugu zake, waliopata habari kwa mama yao, waliwangoja mtoni, wakasaidia kumvusha, maji yakiwafika kifuani.

Sista Bernarda alimsikiliza Maria moyo kwa muda mrefu, na uso wake haukucheka. "Mngechelewa, moyo huu ungeweza kusimama," alisema. Alimzuia kabisa vidonge na kumlaza pale misheni. Siku zilivyopita, mikono iliacha kutetemeka na moyo ukatulia. Ndipo Sista alipomrudishia dawa, kimoja kila asubuhi, akampa kwa mkono wake mwenyewe. Alimshauri mama Felista anunue samaki wakavu wa baharini katika duka la Bwana Sherali, Morogoro mjini, ambako waliletwa kwa gari moshi kutoka pwani. Chakula cha bahari, alisema, kina kitu ambacho tezi ya shingo hukihitaji, nacho ni haba katika udongo wa milimani.

Arusi ilichelewa, lakini ilifungwa. Maria alitembea wima kanisani. Rovu lilikuwa limepungua, halikwisha, na Leonard hakulijali. Mama Felista alikuwa amekwisha kuvuka mto mchana kweupe, kila mtu akimwona, akapiga magoti mbele ya mama yake Leonard na kuomba radhi. Yule mama alimwinua, lakini ilipita miezi kabla hawajacheka pamoja.

Siku ya arusi, Paskalia alimfuata Sista Bernarda nje ya kanisa. "Sista, nilitaka kumsaidia tu."

"Najua," alisema Sista. "Tazama, homoni ilipopungua kidogo, dada yako aliitwa mvivu. Ilipozidi kidogo, mwenzenu aliitwa mchawi. Mara zote mbili hakuna aliyeuliza kwanza kama mwili unaumwa. Dawa inywewe kama ulivyoelekezwa, hata kama unampenda mgonjwa namna gani. Na ukikosea, useme mapema. Wewe ulisema ukiwa unaogopa, ndiyo maana leo tuko arusini."

Paskalia aliitikia kwa kichwa, akakimbilia kwa wenzake waliokuwa wakicheza ngoma.