Hita Iliyotoa Baridi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nekoye alikuwa na kazi ambayo wenzake wa mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu, hawakuwa nayo. Alilinywesha gari maji. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Baba yake, Bwana Laban Waliaula, karani wa stoo ya reli, alilinunua kwa Mzungu mmoja wa Kericho aliyekuwa akirudi kwao. Rejeta yake, tangi la maji ya kupoza injini, ilivuja kidogo kidogo. Ikijazwa asubuhi, gari lilikwenda siku nzima bila neno. Isipojazwa, hakuna aliyejua kungetokea nini, kwa sababu Nekoye hakuwahi kukosa.

Bwana Waliaula alijivunia sana hita ya gari hilo. "Ukiifungua, inatoa joto kama la jikoni," aliwaambia majirani. Majirani, ambao walilala madirisha wazi mwaka mzima kwa ajili ya joto la Kisumu, walimsikiliza kwa heshima.

Jumamosi moja ya mwaka 1968, rafiki yake wa kazini aitwaye Ouma alikuwa akioa huko Bondo. Mama yake Nekoye alikuwa ametangulia siku mbili kusaidia kupika. Bwana Waliaula alibaki amsubiri Mzee Ndegwa, fundi cherehani, amalize suti ya bwana harusi. Ilimalizika asubuhi ile ile. Harusi ilikuwa saa tano.

"Nekoye, umetia maji?" Baba aliuliza huku akifunga tai.

Nekoye alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni jipya la manjano. Bombani kulikuwa na foleni, na debe lilikuwa na matope. Alilitazama gauni, akalitazama debe.

"Nimetia, Baba. Mpaka juu."

Wakaondoka. Mzee Ndegwa alikaa mbele, suti ameipakata kama mtoto mchanga.

Walipita Kisian vizuri. Walipoanza kupanda mlima kuelekea Maseno, mshale wa geji ya joto ulianza kupanda nao. Bwana Waliaula aliutazama, akakohoa.

"Injini inapata moto," alisema. "Si neno. Nitafungua hita. Itavuta joto kutoka kwenye injini na kulileta humu ndani."

"Humu tulimo sisi?" Mzee Ndegwa aliuliza.

"Vumilia kidogo, Mzee."

Mzee Ndegwa alifunika suti kwa mkono, akafumba macho kulingoja joto. Hita ikafunguliwa. Ikatoa upepo mwanana, wa baridi. Mzee Ndegwa akafumbua jicho moja.

"Mbona hii ni nzuri," alisema. "Iache hivyo hivyo."

Bwana Waliaula alikunja uso. "Mshale umefika kwenye nyekundu, lakini hita inatoa baridi. Haiwezekani."

"Basi geji ndiyo inayodanganya," Mzee Ndegwa alisema kwa uhakika wa mtu asiyewahi kuendesha gari. "Injini ingekuwa moto, hita ingekuwa moto. Endesha."

Nekoye, kiti cha nyuma, alikunjakunja pindo la gauni lake. Hawakufika mbali. Mvuke ulifuka kutoka chini ya boneti, na gari likasimama kando ya barabara likitoa sauti kama sufuria ya uji.

Fundi mmoja aitwaye Joram Ogola alikuwa akishuka mlima kwa baiskeli, mfuko wa spana mgongoni. Alisimama bila kuitwa. Alisikiliza habari yote, akainua boneti, akagusa kwa ncha ya kidole bomba linalopeleka maji kwenye hita.

"Limepoa," alisema. "Geji haidanganyi, Bwana. Hita hupashwa moto na maji ya injini. Injini ikichemka na hita ikatoa baridi, maji hayafiki huko. Yamekwisha. Mlitia lini?"

"Leo asubuhi," Bwana Waliaula alijibu. "Huyu binti yangu ndiye hutia. Si ndiyo, Nekoye?"

"Ndiyo, Baba," Nekoye alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Ogola alitikisa kichwa. "Rejeta iliyojaa asubuhi haiwezi kukauka hapa, ila kama gasketi, ile inayoziba maji yasiingie ndani ya injini, imeungua. Hapo lazima tufungue injini. Itakuwa tayari Jumatatu."

Bwana Waliaula aliketi juu ya jiwe bila kujali suruali yake. Mzee Ndegwa alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Mimi siwezi kumwacha kijana aoe na fulana," alisema. Akaiweka suti kichwani, akaanza kwenda Bondo kwa miguu. Ogola naye akatoa spana kubwa, akaiweka kwenye nati ya kwanza.

Nekoye alimwona mzee akipanda mlima na viatu vyake vya harusi, akaona spana ikianza kuzunguka.

"Usifungue," alisema. "Sikutia maji. Niliogopa kuchafua gauni."

Spana ikasimama. Kisha Bwana Waliaula akaita, "Mzee Ndegwa, rudi."

Walingoja injini ipoe, kwa sababu Ogola alikataa kabisa kugusa kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Nekoye alitumwa kuomba maji kwenye boma la karibu. Aliyabeba kichwani, nusu ikamwagikia gauni, akarudi kuchota tena. Ogola alitia maji polepole huku injini ikinguruma na hita ikiwa wazi, mpaka upepo wake ukageuka kuwa wa moto.

"Sasa mgonjwa amepona," alisema. "Msiifunge hita mpaka mfike. Ikianza kutoa baridi, simameni."

Kwa hiyo walikwenda mpaka Bondo hita ikiwaka, jua likiwa kali. Walifika saa tano na robo. Ouma alikuwa amejificha nyuma ya kanisa, amevaa kaptura. Alipomwona Mzee Ndegwa alivyolowa jasho, alimuuliza kama walipitia ziwani. Suti ilikuwa kavu. Mzee alikuwa ameitoa nje ya dirisha njia nzima.

Baada ya chakula, Bwana Waliaula alimwita Nekoye kando.

"Kutotia maji lilikuwa kosa la dakika moja," alisema. "Maji ya debe moja yangelimaliza. Lakini uliporudia uongo kwa kusema 'ndiyo', fundi hodari karibu afungue injini nzima isiyo na ugonjwa. Fundi ni kama daktari, mwanangu. Ukimwambia uongo, atatibu uongo huo."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Ulisema kabla ya nati kutoka, na hilo si dogo. Sasa nenda kwa Mzee Ndegwa umwambie mwenyewe kwa nini alitembea."

Nekoye akaenda. Mzee Ndegwa alimsikiliza mpaka mwisho, miguu yake ikiwa ndani ya karai la maji, kisha akasogea kidogo kwenye benchi ili Nekoye apate mahali pa kukaa.