Zimekatwa au Zimekatika?

Saa nane na nusu mchana Mama Holbuvi aliinua godoro la mkwe wake mdogo akakuta kifurushi. Kilikuwa kitambaa chekundu kilichofungwa mafundo matatu. Ndani yake mlikuwa na nywele nyeusi za mwanamke, vipande vifupi vifupi, na sindano imechomekwa katikati. Kando yake ulilala mkasi. Yowe alilopiga liliruka ukuta wa udongo likafika kwa jirani mchoma mikate, na huyo jirani ndiye aliyepiga simu kituoni.

Saa tisa na robo Inspekta Hurmatoy Ergasheva, anayeshughulikia kesi za wanawake katika mtaa ule wa mji wa Marghilon, alisukuma lango na kukuta wanawake wawili wameng'ang'aniana katikati ya ua. Mmoja amemkaba mwenzake kwa ushungi.

"Mwachie."

"Simwachii! Mchawi huyu, Afande! Amenimaliza nywele!"

"Nimesema mwachie, au nikufunge wewe kwanza halafu ndiyo niulize."

Mkono uliachia. Aliyekuwa amekaba ni Sanobar, mke wa mtoto mkubwa wa nyumba ile, mama wa kichanga cha miezi mitano. Aliyekabwa ni Robiya, mke wa mtoto mdogo, Jahongir, anayefanya kazi ya ujenzi Urusi. Robiya alikuwa na mdomo uliopasuka. Alitema damu pembeni, akafunga ushungi wake upya polepole, kama mtu ambaye hana haraka ya kumpendeza yeyote.

Juu ya kibaraza, miguu ameikunja na simu ameiweka mapajani, alikaa Mama Holbuvi.

"Umechelewa, binti," alisema. "Kazi imeshakwisha. Nimemwambia mwanangu kila kitu. Jua likizama anatoka kazini, atapiga, atatamka talaka tatu hapa mbele ya watu. Huyu atatoka na nguo alizovaa."

"Serikali haitambui talaka ya simu."

"Serikali ndiyo itakayomkaribisha chai mtaani?"

Hurmatoy alilijua hilo. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa uchawi hata mbwa wa mtaa humbwekea, na hakuna cheti kinachomsafisha. Akatazama jua. Lilikuwa bado juu ya miti ya mipopla, lakini siku za Februari ni fupi.

"Kifurushi kiko wapi?"

Alikikunjua kwenye meza ya kibarazani. Hakukuwa na unywele mzima hata mmoja, wala wenye mzizi. Kati ya vipande mlikuwa na vumbi laini la rangi ya zambarau, kama manyoya ya kitambaa. Na vilikuwa vingi mno kuwa vya siku moja.

"Mama Holbuvi, nywele hizi uliwahi kuziona kabla ya leo?"

"Nizione wapi? Mimi ni mchawi mwenzake?"

"Ndiyo au la?"

"La! Andika hivyo. La."

"Na nani alikutuma uinue godoro lake?"

"Nyumba yangu, godoro langu. Nisafishe kwa ruhusa ya nani?"

Hurmatoy akamgeukia Robiya. "Mkasi ni wako?"

"Wangu. Nashonea. Nilikuwa nautafuta tangu juzi."

"Mwongo!" Sanobar alidakia.

"Ulimwambia mtu kwamba umepotea?"

"Nilimwuliza Mama. Akaniambia nitumie meno, kwani ninayo marefu."

Mama Holbuvi aligeuza uso, akajifanya anafukuza kuku.

"Una sababu ya kumchukia Sanobar?"

"Ninazo tele," alisema Robiya. "Ananiita tumbo kavu mbele ya wageni. Nikipika wali wa karoti anasema umeliwa na moshi, kisha anaongeza sahani. Lakini nywele zake nizipeleke wapi? Mwezi huu nilikuwa naondoka. Jahongir amepata chumba huko, ameniita. Tiketi ninayo. Mtu aliyeshika tiketi anaroga nyumba anayoihama?"

"Aliyekuwa anaondoka," Mama Holbuvi alimsahihisha kutoka kibarazani.

Hurmatoy aliushika mkasi. Alivuta unywele mmoja kutoka chini ya kofia yake, akaukata, akauweka juu ya karatasi nyeupe kando ya vile vya kwenye kifurushi. Akainama mpaka pua ikakaribia meza. Ncha ya unywele wake ilikuwa bapa, safi, kama bua lililofyekwa. Za kifurushini zilikuwa zimechanuka na kunyofoka, mfano wa kamba iliyosugua ukingo wa kisima mwaka mzima.

Alimwita Sanobar chumbani, akamwambia afunue nywele.

Sanobar alikuwa amesuka misuko miwili, kama wake wa pale wasukavyo. Msuko wa kulia ulishuka mpaka kiunoni, mnene kama kifundo cha mkono. Wa kushoto ulianza vizuri kichwani, lakini ulipofika kifuani ukaanza kukonda, vipande vikichomoza huku na huko kama miiba ya nungu, na mwisho wake ulikuwa mwembamba kama mkia wa panya. Urefu haukulingana.

"Ona!" Sanobar alisema, akiuinua ule mwembamba. "Nilipoolewa wanawake walikuja kuzishika. Sasa najifunika hata mbele ya mume wangu."

"Zilianza lini?"

"Majani yalipoanza kupukutika. Mtoto alikuwa hajafikisha arobaini zake."

"Baada ya kujifungua nywele hutoka."

"Zilitoka, ndiyo, kwa mizizi yake, pande zote mbili, zikaacha. Hizi ni nyingine, Afande. Hizi hazitoki. Zinakatwa!"

"Unaoshea nini?"

"Maziwa ya mgando na sabuni. Kichwa kizima, siyo nusu."

"Unalalia upande gani?"

"Wa kulia, nimwangalie mtoto."

Hapo Hurmatoy alikwama. Alikuwa ameshaujengea mto kesi nzuri. Lakini kama mto ndio unaokula nywele, ungekula za kulia. Akajaribu njia nyingine, na hakuifunika kwa sukari.

"Nyumba hii ni ya nani akishafariki Mama?"

"Ya Jahongir. Kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya wazazi, nani asiyejua?"

"Na Robiya akiachwa, Jahongir asirudi, nani anabaki humu?"

Sanobar alichukua muda kuelewa. Alipoelewa alisimama, uso umemwiva. "Unasema nimejiharibu nywele zangu mwenyewe?"

"Nimewahi kumwona mwanamke aliyejipiga jicho kwa mchi."

"Basi nifunge! Nifunge uwape watu cha kucheka! Afande gani wewe, mtu ameibiwa unamkagua mifuko yeye?"

Kelele zile zilimwamsha mtoto.

Oyjamol alikuwa amelala kwenye beshiki, lile susu la mbao la huko, ambalo mtoto hufungwa humo kwa mikanda mipana, mikono na miguu imetulia, na juu yake hupita mti mmoja mrefu kama mpini. Susu lilisukumwa ukutani, likafunikwa shuka juu ya shuka, na ya juu kabisa ilikuwa mahameli ya zambarau.

Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha anajua: kilio kile hakingoji mashtaka yaishe. Sanobar aliacha ugomvi katikati ya sentensi. Alipiga magoti kando ya susu, akasukuma mashuka kidogo, akaukumbatia ule mti kwa kwapa la kushoto na kumwinamia mtoto bila kumfungua. Kilio kilikatika. Ukabaki ule mlio mdogo wa kumeza, na Sanobar, aliyekuwa anatukana sasa hivi, akaanza kuimba puani huku akilitikisa susu kwa uzito wa kifua chake, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Msuko wake wa kushoto ulikuwa umeteleza mbele. Ulikuwa umebanwa kati ya kwapa na mti.

"Usisogee," alisema Hurmatoy.

"Sasa nimekosa nini tena?"

"Nasema usisogee. Unamnyonyesha hivi siku zote?"

"Akiwa kwenye beshiki ningemnyonyeshaje? Kwa mguu?"

"Siku zote kwa upande huu?"

"Ukuta uko kule, na kichwa chake nakiweka mbali na mlango asipigwe na upepo. Upande mwingine uko wapi? Titi la kulia nampa nikimtoa."

"Mchana mara ngapi? Usiku mara ngapi?"

"Afande, kwani mtoto ana ratiba?"

Hurmatoy alichuchumaa. Alifunua ukingo wa mahameli, akapitisha kidole kwenye ule mti. Palipokuwa pamelaliwa na kwapa, rangi ilikuwa imechubuka na mbao imepasuka ufa mwembamba. Katika ufa huo zilinasa nywele fupi, ncha zimechanuka. Nyingine zilikuwa zimezama ndani ya mikunjo ya mahameli, na kila alipozivuta zilikuja na manyoya ya zambarau.

"Sanobar, msuko wako unausaga mwenyewe, kila anapolia huyu. Hakuna aliyeushika. Nywele zako hazikukatwa. Zimekatika."

Sanobar aliutazama mti, akautazama msuko.

"Nimempiga," alisema. "Nimempiga mtu mdomoni."

"Umempiga, na hilo utalijibu. Sasa nijibu hili. Mashuka ya susu nani huyakung'uta?"

"Mama."

"Wewe huyagusi?"

"Hamruhusu mtu. Anasema sisi wanawake wa siku hizi tutamwekea mtoto baridi. Kila Ijumaa anayatoa, anayakung'uta, anayarudisha mwenyewe."

Mlangoni alikuwa amesimama Robiya, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo. Alikuwa amesikia yote.

Walipotoka uani, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mipopla. Mama Holbuvi hakuwa ameondoka kibarazani. Hurmatoy aliziweka nywele za kwenye susu mezani, kando ya zile za kifurushini. Hakukuwa na tofauti, hata vumbi lilikuwa lile lile.

"Mama Holbuvi, uliniambia hujawahi kuziona."

"Macho yangu mabovu."

"Macho mabovu yaliona kifurushi chini ya godoro?"

"Binti, nina umri wa mama yako!"

"Ndiyo maana nakuuliza nimekaa. Robiya hagusi susu. Sanobar hajui hata kama nywele zake zimo humo. Mtu mmoja tu huyakung'uta yale mashuka. Na mtu huyo huyo aliambiwa mkasi umepotea, akajibu watu watumie meno."

Kuku mmoja alipanda ngazi ya kibaraza, hakuna aliyemfukuza.

"Nywele za mwanamke hazitupwi," Mama Holbuvi alisema mwishowe, kwa hasira, kama aliyeulizwa jambo la kijinga. "Hamkufundishwa? Zikitupwa ndege anajengea kiota na mwenyewe haponi kichwa. Nilikuwa nazikusanya nizizike. Jambo la heri! Tangu majani yalipopukutika nazikusanya. Nani angezizika, nyie?"

"Na ulijua zinatoka kwenye susu," alisema Sanobar. "Nimelia miezi yote hii. Nimekwambia Mama, naibiwa nywele, naogopa. Ukanifungia hirizi! Ukanambia mwangalie mwanyumba wako, mke wa shemeji yako, anazunguka na mkasi!"

"Nilisema uangalie. Sikusema upige."

"Uliniacha nimpige!"

"Kwa nini, Mama Holbuvi?" Hurmatoy aliuliza. "Sindano, kitambaa, mkasi. Jambo la heri liligeukaje?"

Mwanamke mzee alikamata simu yake kwa mikono miwili.

"Kwa sababu mwanangu alimwita! Mwanaume akiwa peke yake ughaibuni, anakula mikate mikavu, anahesabu siku za kurudi kwa mama yake. Akipelekewa mke, hahesabu tena. Wanapika, wanazaa huko, wanakuja kunizika kama wageni. Nimeona nyumba ngapi mtaani humu, mlango umefungwa, kizee kimoja ndani? Angemwacha huyu, angerudi kuoa mwingine. Angerudi! Nilitaka mwanangu tu. Kosa langu ni lipi?"

"Mimi," alisema Robiya. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu watoke chumbani. "Kosa lako ni mimi, Mama."

Simu ikalia.

Iliruka mapajani mwa Mama Holbuvi kama kitu kilicho hai. Alimtazama Hurmatoy, naye akaashiria ile simu kwa kichwa.

"Weka sauti nje. Mwambie wewe."

"Haloo, Mama?" Sauti ya Jahongir ilijaa ua mzima. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. "Mama, niko tayari. Yupo hapo? Mashahidi wapo?"

"Mwanangu…"

"Nisikie basi, nina dakika chache."

"Mwanangu, zile nywele…" Alikohoa kidogo. "Zile nywele niliziweka mimi. Mkeo hana kosa."

Jahongir akasema, taratibu, "Mpe simu Robiya."

Robiya aliipokea. Hakulia. Aliishika mbele ya mdomo wake uliopasuka, kama mtu anayeshika kikombe cha moto.

"Jahongir. Umesema uko tayari. Tayari kwa lipi?"

"Robiya, mimi nilikuwa sijui, Mama aliniambia…"

"Mchana kutwa simu yangu ilikuwa mfukoni. Hukunipigia hata kuniuliza. Mama asingesema hivi sasa, lile neno ungelitamka?"

Mashine tu.

"Nakuuliza, ungelitamka?"

"Robiya… watu walikuwa wameshasikia…"

Alisubiri kidogo, kwa heshima, kama kuna kilichobaki kusemwa. Hakikuwepo. Akapanda ngazi za kibaraza na kuirudisha simu mapajani ilikotoka.

"Shika, Mama. Mwanao huyo. Nimekuachia mzima."

"Unakwenda wapi?" Mama Holbuvi alinong'ona. "Robiya, giza linaingia. Unakwenda wapi, binti yangu?"

Robiya hakugeuka. Aliingia chumbani kwake, akatoka na koti, mashine ya kushonea ameikumbatia kifuani, na mkasi mfukoni. Hurmatoy alisimama bila kuombwa akampokea mashine. Gari la kituo lilikuwa nje, na kwa mama yake Robiya ni mwendo wa nusu saa.

Sanobar aliwakimbilia mpaka langoni, mtoto begani, nywele bado hazijafunikwa.

"Mwanyumba! Nisamehe. Nipige na wewe, unipige tu, nisamehe."

Robiya alimtazama yeye, akamtazama Oyjamol, ambaye alikuwa ameushika ule mkia wa panya na kuutia mdomoni.

"Sijakusamehe," alisema. "Zifunge utosini kabla hujamwinamia."

Akapanda gari.