Kitabu cha Guerschom

Kila siku baada ya masomo, Ruqayya alifagia maktaba ya shule yao pale Old Kampala, akapanga vitabu rafuni, kisha akaketi kusoma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wenzake walimtania kwamba akikosa kitabu husoma hata gazeti lililofungiwa chapati. Ndiyo maana Mwalimu Hindu, msimamizi wa maktaba, alimkabidhi kazi iliyotamaniwa na wengi: kuchagua vitabu vya zawadi za siku ya kufunga shule.

"Kila mtoto mpe kitakachomfaa yeye," mwalimu alisema, akimwonyesha boksi la vitabu vipya. "Na uvisome kwanza, mwanangu. Angalau kurasa za mwanzo."

"Sawa, Mwalimu."

Sawa ya mdomoni hiyo! Kitabu cha kwanza kilihusu mbuzi beberu aliyekula kofia ya polisi. Ruqayya alicheka nacho mchana kutwa, akakiwekea jina lake mwenyewe. Vilivyobaki akavigawa kwa kutazama majalada tu. Kimoja kilikuwa na picha ya mvulana na mbwa juu ya kilima kibichi. Akakumbuka kwamba Guerschom wa darasa la nne anapenda mbwa, basi akakifunga kwa karatasi na kuandika jina lake.

"Umevisoma vyote?" mwalimu alimwuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Siku ya kufunga shule ikafika. Wazazi walipokuwa wakiketi chini ya hema, Ruqayya alimsimulia rafiki yake Shamirah vitabu alivyochagua. Alipotaja kile cha mvulana na mbwa, Shamirah alishtuka.

"Kile? Dada yangu wa sekondari anacho. Ukurasa wa kwanza tu, askari wanavamia kijiji usiku. Mimi kilinishinda. Umempa nani?"

"Yule Guerschom wa darasa la nne," Ruqayya alisema polepole. Guerschom na mama yake walikuwa wamekimbia vita Kongo. Juzi tu tairi la lori lilipasuka barabarani, mtoto akajificha chini ya dawati, akatetemeka mpaka mama yake akaitwa kutoka sokoni. Na desturi ya shule ile ilijulikana: ukipewa kitabu, unakifungua mbele ya wazazi wote na kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti.

"Kamwambie Mwalimu!" Shamirah alinong'ona.

"Atajua nimemdanganya. Atanifukuza maktaba."

"Na Guerschom je?"

Ruqayya aliomba mvua inyeshe, umeme ukatike, kipaza sauti kiharibike. Wapi! Jua liliwaka, na majina yakaendelea kuitwa. Alipoitwa yeye, alisoma kisa cha beberu harakaharaka bila kuinua macho, na watu wakadhani ni haya ya kisichana.

"Guerschom!"

Mtoto akapita mbele, shati limepigwa pasi likanyooka. Mama yake, Marie-Louise, alisimama nyuma ili amwone vizuri. Guerschom akachana karatasi, akamwona mbwa, akatabasamu. Akafungua.

"'Usiku ule mbwa alibweka mara moja tu,'" alisoma. "'Kisha tukasikia viatu vya askari...'"

Sauti ikafifia.

"Usisome! Guerschom, acha!"

Hema zima likageuka. Aliyepiga kelele alikuwa Ruqayya, naye alikuwa tayari anakimbia kwenda mbele, machozi yakimtoka.

"Kosa ni langu, Mwalimu. Sikukisoma. Nilitazama jalada tu, halafu nikakudanganya."

Mwalimu Hindu alikichukua kitabu, akasoma mistari michache kimyakimya, akakifunga. Marie-Louise alikuwa amekwisha kufika na kumkumbatia mwanawe. Ruqayya akamnyooshea Guerschom kitabu chake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Chukua hiki. Hiki nimekisoma mpaka mwisho."

Guerschom alikitazama bila kukigusa. "Kuna askari ndani?"

"Kuna polisi mmoja," Ruqayya alisema, maana siku ile hakutaka tena uongo. "Lakini yeye ndiye anayemwogopa mbuzi."

Guerschom akakipokea. Alianza kusoma kwa sauti ndogo, huku mama yake amemshika bega. Alipofika kwenye kofia, akacheka, na hema zima likacheka naye.

Baadaye Mwalimu Hindu alimwita Ruqayya kando. "Uliponidanganya uliniumiza. Uliposimama mbele ya watu wote ulinifurahisha. Sasa sikiliza: mpishi huonja mchuzi kabla ya kumpakulia mgeni. Anayetoa zawadi ya kitabu naye akionje kwanza, akimfikiria atakayekisoma. Kinachomfaa kijana wa sekondari chaweza kumnyima mtoto usingizi. Likizo hii utakuja uvisome vyote vilivyobaki, ndipo utachagua tena."

"Nitakuja, Mwalimu. Nisamehe."

Marie-Louise, aliyekuwa karibu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kile cha mbwa nipe mimi nikitunze. Si kibaya, kinasema kweli. Akikua, akitaka kuuliza mambo ya nyumbani, tutakisoma wawili." Akamtazama mwanawe, aliyekuwa akifungua ukurasa mwingine. "Kwa sasa mwacheni na mbuzi wake."