Simu Ndani ya Friza

Rafiki yangu kinyozi, mtu wa kukimbilia vya bei ya kutupa, alinunua simu iliyotumika, akaichokonoa mipangilio mpaka ikapita kasi iliyowekewa kiwandani. Ikawa moto kama pasi. Spika ikatoa kilio chembamba cha mtoto: "Inaniunguza!"

"Izime, mume wangu," mkewe akamsihi.

"Niizime wakati gemu limenoga?" Akacheka, akaongeza kasi tena. Ilipomchoma kiganja, akaitupia kwenye friza.

Mara umeme ukakatika. Gizani, mlango wa friza ukaanza kugongwa kwa ndani.

"Kaa humohumo upoe!" akafoka.

Ukagongwa polepole zaidi, kisha kimya.

Alipofungua, simu ilikuwa imezimika. Kwenye barafu ya mlango, upande wa ndani, kulikuwa na mikwaruzo, na ukucha mmoja umenasa, mdogo kama punje ya mchele.