Hema Lisilotoa Jasho

Ubaya wa kwanza wa lile hema ni kwamba halikuvuja.

Usicheke. Mvua ilipiga usiku kucha, ile mvua inayoshuka kama ina ugomvi na ardhi, na kulipopambazuka Fundi Turubai akafungua jicho moja, akapapasa godoro, akapapasa blanketi, akapapasa hadi soksi alizokuwa amezitupa pembeni. Kavu. Tena si kavu ya kubahatisha, kavu ya unga. Akatoka kwa magoti, akasimama uwanjani, akapandisha suruali yake juu kama mtu anayetaka kupigwa picha.

Kwenye ule uwanja wa majani kando ya msitu, ambako watu wenye vitanda vyao nyumbani hulipia kulala chini, wenzake walikuwa msibani. Mahema ya bei mbaya, yenye madirisha na vyumba viwili, yalikuwa yamejaa maji kama mabeseni. Magodoro yameanikwa juu ya magari. Baba mmoja mwenye miwani alikuwa anakamua mto.

"Pole, jirani!" Fundi akamwambia, na hiyo pole ilikuwa na meno. "Mimi langu la mtumba, nililitoa chini kabisa ya rundo. Ila fundi ni fundi!"

Na fundi alikuwa kweli, tusimdhulumu. Kazi yake ni kushona maturubai ya malori. Lile hema alilifumua lote, akalishona upya kwa uzi wa malori, kila tundu la sindano akalipaka nta ya mshumaa. Kazi yote hiyo kwa ajili ya mtu mmoja: mama mkwe.

"Unaenda kunilowanishia wajukuu," mama mkwe alimwambia siku ya safari, wakati wanafunga mizigo. "Mwanangu ana nyumba ya bati, wewe unampeleka akalale kwenye mfuko."

"Mama, huu mfuko nimeushona mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana naogopa."

Maneno hayo yalimkaa Fundi kooni njia nzima. Ndiyo maana jioni walipofika, alipokwisha kugonga kigingi cha mwisho na kuona wingu jeusi linakuja, alipanua mikono akaipigia kelele mbingu nzima, kana kwamba mama mkwe anasikia huko aliko: "Tone lolote litakalokutwa kwenye hema hili, si langu! Mwenye kiu alichukue, nimempa!"

Mkewe alicheka hadi akashika mbavu. "Unampa nani, wewe?"

Lakini binti yao, waliyemwita Kiherehere kwa sababu hapitwi na jambo, aligeuka akatazama msituni. "Baba, kuna mtu amesema asante."

"Mwangwi huo."

"Mwangwi unasema ulichosema wewe. Na wewe hujasema asante."

Waliingia, wakafunga zipu.

Sasa, asubuhi ile Fundi akiwa bado anamsimanga mwenye miwani, mkewe akamwita kutoka ndani. "Nani amemaliza maji ya jagi?"

Jagi lililala usiku kucha pembeni ya kichwa chake, likiwa limejaa, limefunikwa. Mfuniko haukuwa umeguswa. Lakini sasa ndani hakukuwa hata na unyevu wa kulambisha sisimizi. Kiherehere akaapa si yeye, na alipoapa midomo yake ikapasuka katikati, ikatoa mstari mwembamba wa damu.

Hapo ndipo Fundi akakumbuka kazi yake. Madereva wa malori wote wanalijua hili: ukilala chini ya turubai lililofungwa, pumzi yako hupanda, hukutana na baridi ya nje, halafu hurudi kukudondokea usoni. Turubai liwe zuri namna gani, kwa ndani lazima litoe jasho. Na wao walilala wanne humo, zipu imefungwa hadi mwisho, mvua ya baridi nje. Akapitisha kiganja juu ya dari ya hema, taratibu, toka kona hadi kona. Kiganja kikarudi kama kimepapasa karatasi.

Pumzi zao zimekwenda wapi?

Alijaribu kumeza mate. Hakuwa nayo.

Mchana ule aliyeteseka zaidi alikuwa Bonge, kitinda mimba wao, mtoto mwenye mashavu ya kuazimisha jirani. Alinyonya, akaachia, akanyonya tena, akalia. Alikunja uso wote kwa kilio, lakini macho yake yalibaki makavu kama vifungo.

"Maziwa hayaji," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Toka asubuhi nakunywa chai kama mwendawazimu, na hayaji. Turudi nyumbani, Baba Kiherehere."

"Leo? Na lile wingu? Tukirudi leo mama yako atasema tumekimbia mvua."

"Aseme!"

"Usiku mmoja tu, mke wangu. Kesho tunarudi vifua mbele, hata ukosi haujalowa."

Mkewe akamtazama, akamtazama mtoto, akaenda kuchemsha chai nyingine. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Ila mdomo wa Fundi ulikuwa umechagua kichwa cha mwanawe.

Mvua ikaanza mapema. Wakajifunika, wakazima tochi, na mvua ikawa inapiga dari kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Kukaja harufu. Si ya mvua wala ya majani mabichi. Ilikuwa harufu ya tanuri la matofali, ya udongo uliochomwa ukasahau kwamba uliwahi kuwa tope.

"Baba," Kiherehere akanong'ona.

"Lala."

"Baba, nani analamba?"

Fundi akataka kumkemea, lakini akawa ameshaisikia mwenyewe. Chini ya kelele za mvua kulikuwa na sauti ndogo, ya ulimi, kama paka anayemaliza sahani, ila paka huyu hakuwa na haraka, alianzia mlangoni, akapanda na mshono, akafika kwenye kona, akageuka nayo, akifuata nta ya mshumaa mahali pale pale mkono wa Fundi ulipopita, tundu kwa tundu, hadi sauti ikawa juu ya vichwa vyao kabisa na hapo ikatulia.

Akawasha tochi.

Kwenye mwanga ule wa baridi aliziona pumzi zao, nyeupe, nyembamba, zikitoka midomoni na kupanda kama nyuzi nne, na zote nne zilikuwa zinaelekea mahali pamoja, zinaingia katikati ya dari kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano, na pale zilipoingia kitambaa kilikuwa kimebonyea kuja chini, si kama kinavyobonyea kwa maji, maana maji huyumba, hiki kilikuwa na viwiko, kilikuwa na magoti, kilikuwa na duara la uso uliolala kifudifudi ukiwatazama, na uzi mwembamba kuliko yote, uliokuwa unakatika na kuungana, kukatika na kuungana, ulikuwa unatoka kwa Bonge.

"Utosi wake," mkewe akanong'ona. "Mume wangu, shika utosi wake. Umebonyea."

Bonge alikuwa amefungua kinywa kulia, na sauti haikutoka.

"Narudisha kauli," Fundi alisema. Au alitaka kusema. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa, neno likatoka kama upepo mtupu, na ule upepo nao ukapanda, ukaingia pale pale, ukalambwa. Kisha kutoka juu, kwa sauti yake yeye mwenyewe, ila iliyokaushwa kama jani lililosahaulika ndani ya kitabu, kile kitu kikamjibu: "Mwenye kiu alichukue."

Halafu kikaongeza, kwa adabu kabisa: "Asante."

Fundi hakuwa na kisomo wala hakuwa na mganga. Alikuwa na mkasi wake wa kazi, ambao hakuwahi kusafiri bila huo. Na huku kile kiuso kikigeuka kumwangalia yeye peke yake, huku mkewe akimkinga mtoto kwa mgongo wake, akauchoma mkasi kwenye mshono aliojivunia kuliko yote na kuukata, toka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepasua samaki. Na hema likatoa mlio wa koo linalokabwa, joto la tanuri likawapita usoni, na mvua yote ya mbinguni ikaanguka juu yao kwa pamoja.

Waliloa. Waliloa nguo, godoro, unga, viatu. Mkewe alimtoa Bonge nje akamwinua kwenye mvua, na mtoto akagugumia maji, akakohoa, akapiga kelele ya kuamsha uwanja mzima. Fundi akambusu shavuni na ulimi wake ukakutana na chumvi. Lilikuwa chozi. Akakaa chini kwenye matope, akacheka kama chizi.

"Pole, jirani!" yule mwenye miwani akamwita kutoka garini kwake.

"Nimepoa!" Fundi akajibu. "Nimepoa kabisa!"

Mama mkwe aliwapokea mlangoni wakichuruzika. Aliwasimanga siku hiyo, akawasimanga na wiki iliyofuata, na Fundi alimjibu "ndiyo, mama" kwa kila neno hadi mkewe akaanza kumpima homa. Lile hema alilitupa nyuma ya nyumba akisubiri siku ya jua alichome. Halafu malori yakaja mengi, mkewe akarudi kazini, Bonge akawa analala kwa bibi yake siku za kazi, na mtu akishapona, unajua mwenyewe anavyosahau.

Ijumaa jioni alikwenda kumchukua mwanawe. Mama mkwe alimfungulia mlango akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka, na alipotabasamu aliishika kwa kidole.

"Mkwe wangu, leo nakupa haki yako," akasema. "Unajua huyu mtoto alivyokuwa ananiloweshea kitanda? Basi kile kitambaa chako ulichokitupa kule nyuma ya nyumba yenu, nilikikata kipande kizuri, nikamtandikia chini ya shuka. Toka Jumatatu hajalowesha kitu. Asubuhi nakuta pakavu, pakavu! Si ulisema wewe kwako haliingii tone?"

Fundi hakusikia mwisho wa maneno yake. Kutoka chumba cha ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa, ilikuwa inakuja harufu ya tofali lililochomwa. Hakukuwa na kilio cha mtoto. Kulikuwa na sauti ndogo tu, isiyo na haraka, kama paka anayemaliza sahani.