Ua la Kafu Mariamu

Ijumaa ile ya Desemba 2012, soko la Souq Waqif lilijaa hadi mabega yakagongana. Zuleikha wa Tanga, mfanyakazi wa ndani ughaibuni, huko Al Rayyan, alisimama mbele ya meza ya muuza dawa za asili, abaya yake nyeusi imepigwa pasi ikanyooka, mtandio wa rangi ya bizari. Mkononi alishika mmea mkavu uliojikunja kama ngumi, akiulinganisha na mingine mezani.

"Dada, hiyo ngumi unataka kumpiga nani?"

Kijana mrefu, shati la kazi la kijani, kucha zina udongo. Zuleikha hakucheka.

"Nataka kujua kama hii ni kafu mariamu ya kweli."

"Naitwa Idrisa, kwetu Kondoa. Nafanya kazi bustani ya miche. Wauzaji huchanganya mimea miwili, yote hujikunja hivyo hivyo. Utaijua ikitoa ua. Ya kweli ni ukoo wa haradali: ua jeupe, dogo kama punje ya mchele, petali nne zimekaa msalaba. Likipukutika, tunda linabaki na masikio mawili. Ile nyingine ua lake la njano, kama alizeti kibete."

Hapo Zuleikha akamweleza. Kwao mmea huo huloweshwa kwenye bakuli, ukafunguka kama kiganja, na mwenye uchungu wa uzazi akanywa yale maji. Miaka mitatu nyuma alinunua miwili hapa hapa sokoni, mmoja akamtumia nyumbani dada yake, Saida; wa pili ndio huu aliokuwa ameushika. Saida alikunywa, akajifungua, akavuja damu, akafa kabla ya adhuhuri. Tangu hapo, kila Zuleikha akikinga maji jikoni, aliona vidole vya Saida vikifunguka ndani yake. Wachumba wawili amewakataa.

"Nitazaaje mimi, na huenda nilimtumia dada yangu sumu?"

Idrisa akautikisa ule mmea, mbegu zikadondoka kiganjani mwake. "Niachie hizi nizipande, tuone ua lake."

Ikawa simu kila jioni.

"Vipi, mwanangu kaota?"

"Ana majani manne. Yana vinyweleo, yanakwaruza kama wewe ukikasirika."

"Mimi nakwaruza, Idrisa?"

"Sauti tu, mpenzi."

Neno hilo Zuleikha hakulirudisha. Januari ikaisha, Februari ikaingia.

"Limetoka ua?"

"Bado, laazizi. Vumilia."

Ijumaa moja akapanda basi bila kumwarifu, sambusa za moto kwenye mkoba. Chini ya kivuli cha wavu wa bustani akakiinamia kikopo cha mche wake. Ua hakuna. Palikuwa na vitunda vikavu, kila kimoja na masikio mawili.

"Lilichanua lini?"

Idrisa aliacha bomba likimwaga maji juu ya viatu vyake. "Wiki tatu. Jeupe, petali nne. Ni yenyewe, Zuleikha. Hukukosea."

"Na kila jioni ukaniambia bado."

"Nilijua ukishapata jibu hutanipigia tena."

"Wiki tatu nimelala na maiti kitandani, na wewe unajua?"

Akaziacha sambusa juu ya benchi, akaondoka.

Siku tisa hakupokea simu. Saida bado alikuja majini, ila sasa hakulaumu. Alimtazama tu, kama mtu aliyetumwa na ujumbe haujafika. Siku ya kumi Zuleikha akamwita Idrisa kwenye mkahawa wa chai karibu na nyumba anayofanyia kazi.

"Sijakusamehe. Mpigie mama yangu. Ulilolificha ulitoe mwenyewe."

Idrisa akaweka simu mezani, sauti ikisikika kwa wote wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajitambulisha, akasema yote: mmea, weupe wa ua, masikio ya tunda, hata zile wiki tatu. Upande wa pili jogoo akawika.

"Baba," sauti ya mama ikapasuka, "lile bakuli nililishika mimi. Saida alikuwa hataki, nikamlazimisha. Miaka mitatu sijathubutu kumuuliza mtu ule ulikuwa mmea gani."

Zuleikha akajiziba mdomo. Kila wiki yeye na mama walizungumza, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake hofu hiyo.

"Mama," Idrisa akasema, "pia nilikuwa na ombi..."

"Nimelisikia tangu salamu. Mshenga atakuja wakati wake. Kwanza nipe mwanangu."

Idrisa akainua simu, akampa Zuleikha kwa mikono miwili. Kisha akatoka kusimama juani, akawaachia marehemu wao.